Kutoka Ngamiani hadi mlimani: mwongozo kamili wa safari za washikaji waliokua pamoja

Kwa miaka saba tulipanda Kilimanjaro bila kutoka sebuleni. Tulikuwa tunaipanda kwenye kundi la WhatsApp. Mmoja anatuma picha ya theluji, wa pili anaandika "mwakani lazima", wa tatu anaweka dole gumba, halafu anaingia mwingine na habari za Simba na Yanga na mlima unaishia hapo mpaka Desemba nyingine.

Tuko sita. Tulikua Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara za namba, tukicheza chandimu na kugawana muhogo wa kukaanga. Leo mmoja ni mwalimu palepale Tanga, mimi na fundi wa majokofu tuko Dar, mwingine ni wakala wa forodha Mombasa, mwingine yuko kwenye kampuni ya mafuta Muscat, na wa mwisho ni nesi Toronto. Wote tunakaribia miaka hamsini. Safari ya kwanza tuliifanya mwaka 2015, ya pili 2017, ya tatu Januari 2020, ya nne 2023. Niliyoandika hapa ni yale ambayo wenzetu wengi wa rika hili huniuliza wakisikia kwamba tumewahi kwenda kweli.

Shika neno moja kabla hatujaanza. Safari ya marafiki inapimwa kwa aliye mnyonge. Mwenye mfuko mwepesi ndiye anayepanga bajeti. Mwenye pasipoti inayosumbua ndiye anayechagua nchi. Mwenye goti bovu ndiye anayepanga mwendo. Kundi likipangwa kwa kipimo cha mwenye nguvu, litakwenda mara moja tu, na kuna mtu atabaki nyumbani akisingizia kazi.

Hatua ya kwanza: anzeni na siku tatu, karibu na nyumbani

Usianze na Nepal. Sisi tulianza na Usambara: basi hadi Mombo, kisha kilomita kama 33 za kona hadi Lushoto, halafu kwa miguu kupitia msitu wa Magamba, tukalala Rangwi, tukamalizia Mtae. Pale Mtae ardhi inakatika ghafla, unasimama ukingoni na chini yako kuna tambarare ya Mkomazi hadi macho yanapochoka. Gharama yake haikuzidi nauli, chakula, vitanda na malipo ya kijana wa kutuongoza.

Siku tatu zile zilitufundisha mambo ambayo miaka yote ya kujuana haikutufundisha. Tulijua nani anakoroma kiasi cha kutikisa bati. Tulijua nani akisikia njaa anageuka mtu mwingine kabisa. Tulijua nani husema "twende tu" huku viatu vimemtoa malengelenge mawili. Kwenye orodha tulikuwa tisa, siku ya kuondoka stendi tukawa sita. Hatukugombana na wale watatu, bado ni ndugu zetu na harusini tunakaa mkeka mmoja. Ila tangu siku ile waliopanda basi ndio kundi la safari, na kundi la soga likabaki lile la zamani. Fungueni makundi mawili ya WhatsApp. La safari liwe na habari za safari tu.

Kama mko Nairobi, Longonot na usiku mmoja Naivasha vinatosha kwa kuanzia. Kama mko Malawi au mpakani mwake, kuna mlima Mulanje na vibanda vyake, ingawa kilele cha Sapitwa chenye mita 3,002 si cha kudharau.

Hatua ya pili: pesa

Hapa ndipo makundi mengi yanapokufa, tena yanakufa kimyakimya.

Ukiwaweka mwalimu wetu na yule wa mafuta meza moja ukauliza "jamani, tuchange ngapi?", mwenye nacho atataja kiasi, na asiye nacho atatikisa kichwa kukubali kwa sababu ni mwanaume na aibu inamshika. Mwezi wa tatu atakuwa na udhuru. Mwezi wa tano atatoka kwenye kundi bila kuaga, na nyinyi mtasema amebadilika.

Fanyeni hivi. Chagueni mweka hazina ambaye hana maneno. Kila mtu amwandikie peke yake, faragha, kiasi anachoweza kutoa kila mwezi bila kukosa, pamoja na Januari ile ya ada za shule. Mweka hazina achukue kiasi cha chini kuliko vyote, akitangaze kuwa ndicho mchango, na asiseme ni cha nani hata akibanwa vipi. Kwetu ilitoka shilingi 60,000. Hadi leo mimi sijui nani aliitaja, ingawa nina mawazo yangu.

Elfu sitini kwa watu sita ni 360,000 kwa mwezi. Kwa miezi 24 ni 8,640,000, yaani 1,440,000 kwa kila kichwa. Hiyo ndiyo bajeti, na sasa ndipo mnaulizana mnakwenda wapi. Watu wengi hugeuza: wanachagua mahali kwanza, kisha wanaanza kutafuta pesa ya kufika huko, na pesa ikikosekana anayekosa ni yuleyule kila mara.

Kwenye katiba yetu, ambayo ni ukurasa mmoja tu, kuna masharti matano ya fedha, na yote tumeyapata kwa kuumia.

Mchango ni tarehe 5 ya kila mwezi, "tuma na ya kutolea". Ukichelewa, faini ni 5,000. Haisamehewi hata kwa anayefiwa. Tunampa rambirambi kwa mkono mmoja na kumdai kwa mwingine. Inasikika kama ukatili, lakini ukimsamehe mmoja umeanza kupima misiba ya watu.

Pesa hazikai kwenye simu ya mtu. Mwanzoni zilikaa kwenye laini ya mmoja wetu, akapata mgonjwa hospitali usiku wa manane, akazitumia. Nani angemlaumu? Alizirudisha zote, lakini ilichukua miezi minne, na miezi minne ile hakuna aliyemtazama machoni. Fungueni akaunti ya kikundi benki yenye watia saini watatu, ambapo wawili lazima wasaini.

Kila mtu anajigharamia hadi mahali pa kukutania, na mfuko unaanzia hapo. Bila sharti hili, tiketi ya Toronto peke yake ingemeza mwaka mzima wa kundi.

Tajiri hanunui tiketi za wenzake. Mwenzetu wa Muscat alitaka kutulipia wote, kwa moyo safi kabisa. Tulikataa. Anayelipa ndiye anayechagua saa ya kuamka, hata kama hajui kuwa anachagua, na anayelipiwa hawezi kusema "mimi hapa siendi". Tuliruhusu atoe vitu: nyumba yake tulale, gari lake, sufuria ya pilau.

La tano ni la dharura. Asilimia kumi ya mfuko haiguswi mpaka kila mtu ameshafika kwake.

Kuna jambo la uraia ambalo hatukulitegemea. Tanzania hairuhusu uraia pacha, na mwenzetu wa Toronto alishachukua wa Kanada. Kwa hiyo tulipokwenda kupanda mlima Meru, kwenye lango la Momella la hifadhi ya Arusha, sisi watano tulitoa vitambulisho tukalipa kwa shilingi kama watu wa Afrika Mashariki, naye akaambiwa kaunta ya wageni, dola. Mtoto wa barabara ya kumi na mbili. Alisimama pale na pasipoti yake mkononi, wala hakusema neno. Fundi ndiye aliyeokoa hali: "Karibu Tanzania, mzee. Swahili unajua kidogo?" Tulicheka mpaka askari wa getini naye akacheka. Lakini lile swali la pesa lilibaki, na tuliamua kwamba tofauti inayotokana na uraia mtu anajilipia mwenyewe. Amueni hili mapema, mkiwa mmekaa. Getini ni pabaya pa kulijadili.

Hatua ya tatu: nchi gani

Wekeni pasipoti zote mezani. Kwetu ni nne za Tanzania, moja ya Kenya, moja ya Kanada. Yule wa Kanada angetaka Alps kesho asubuhi na angeingia bila viza. Sisi wengine tungehitaji viza ya Schengen: taarifa za benki, barua ya kazi, bima isiyopungua yuro 30,000, ada ambayo tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima na hairudi hata ukinyimwa. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasiwe chini ya siku 15. Sisemi msiende Ulaya. Nasema kwamba kwa watu sita, uwezekano wa mmoja kunyimwa ni mkubwa, na ni lazima muwe mmeshakubaliana itakuwaje. Sisi sheria yetu ni kwamba mmoja akinyimwa tunabadili nchi. Kwa hiyo hatununui tiketi isiyorudishika mpaka viza ya mwisho imebandikwa.

Njia ya wenye hekima ni kuchagua mahali ambapo wote mnaingia kirahisi. Afrika Kusini, kwa mfano, Mtanzania anaingia bila viza, na tangu Januari 2023 Mkenya naye anaruhusiwa hadi siku 90 kwa mwaka. Wakala wetu wa Mombasa alipoisoma habari ile aliituma kwenye kundi saa kumi na moja alfajiri, na safari ya nne ikawa imejipanga yenyewe: milima ya Drakensberg. Unaanzia maegesho ya Sentinel, unazunguka mwamba, unafika kwenye ngazi za chuma zilizoning'inizwa ukutani, unapanda, na juu kuna uwanda tambarare ambako mto Tugela unakwenda taratibu kama mfereji wa shamba, halafu unajirusha mita 948. Mmoja wetu alizitazama ngazi zile akasema goti lake halitaki. Goti lilikuwa zima. Wawili wakabaki naye chini wakachemsha chai, na jioni hakuna aliyelitaja goti.

Msimu nao unachagua. Meru na Kilimanjaro ni nzuri Juni hadi Oktoba, na pia Januari na Februari. Oman ni Novemba hadi Machi. Ukienda Julai utakaangwa. Drakensberg wakati wa kiangazi chao, Desemba na Januari, radi huja mchana karibu kila siku, hivyo mtu anapanda alfajiri na kushuka mapema. Kama kuna Waislamu kundini, angalieni Ramadhani iko wapi miaka miwili mbele, kwa kuwa kila mwaka inasogea nyuma kama siku kumi na moja.

Na kama mna mwenyeji, mtumieni, lakini msimwamini asilimia mia. Ndugu yetu ameishi Muscat miaka kumi na tano. Tulipotaka kwenda Jebel Akhdar alisema "hakuna shida", tukapakia gari dogo la kukodi pamoja na lake, tukaendesha hadi Birkat al Mawz. Pale kuna kizuizi cha polisi, na magari yasiyo ya kuendesha magurudumu manne hayaruhusiwi kupanda. Askari alilitazama lile gari dogo, akamtazama mwenyeji wetu, akatabasamu kwa huruma. Tulibanana kwenye gari moja, wawili wakakaa juu ya mabegi. Miaka kumi na tano, na hakuwahi kupanda mlima wa nyumbani kwake! Kesho yake tulikwenda Jebel Shams, ile njia ya ukingoni inayoanzia Al Khitaym kuelekea kijiji kilichohamwa cha As Sab, huku korongo likiwa wazi mkono mmoja muda wote. Hiyo alikuwa ameiona kwenye simu tu, kama sisi.

Hatua ya nne: mwili na siri zake

Miezi mitatu kabla ya kuondoka, kila mtu aende kupima presha, sukari na moyo. Si ombi. Asiyeleta majibu hapandi.

Naisema kwa ukali kwa sababu ya Meru. Mlima Meru una mita 4,566, na watu wanaudharau kwa kuwa Kilimanjaro, mita 5,895, imesimama pembeni yake. Ubaya wake ni kasi. Unaanza Momella kwenye mita kama 1,500, usiku wa kwanza unalala Miriakamba mita 2,514, wa pili unalala Saddle mita 3,570. Kanuni ya watu wa milima ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila siku tatu au nne upumzike. Meru haikupi nafasi hiyo. Pale Saddle niliamka usiku kujisaidia nikamkuta fundi nyuma ya kibanda, ameinama, anatapika huku amejiziba mdomo na kofia ili tusisikie. Akaniambia ni chapati. Tulianza kupanda saa saba usiku, na Rhino Point, ambapo wala si mbali, alianza kuyumba kama mtu aliyetoka kilabuni. Nesi wetu akamwambia atembee mstari mmoja, kisigino kikigusa dole gumba. Hatua ya tatu akaangukia pembeni.

Alikuwa na presha tangu miaka miwili nyuma, na dawa ameziacha Dar ili tusizione.

Kuyumba kwa namna ile ni dalili kwamba ubongo unavimba. Kukohoa na kukosa pumzi hata ukiwa umekaa ni dalili kwamba mapafu yanajaa maji. Dawa ya kwanza ya yote mawili ni moja, kushuka, hapohapo, usiku huohuo, hata kama kilele kinaonekana. Maumivu ya kichwa na kichefuchefu kidogo ni vya kawaida. Unasimama pale ulipo, hupandi zaidi mpaka vimekwisha. Tulishuka na fundi mimi na mwalimu pamoja na mwongozaji mmoja, na kufikia Miriakamba alikuwa anaomba chai na kututukana kwa kumharibia safari. Alikuwa amepona.

Tangu hapo kila mtu anamwambia nesi, peke yake, magonjwa yake yote na dawa zake. Nesi hamwambii mtu, ila anaweza kusema "huyu hapandi" bila kutoa sababu, na hakuna rufaa. Kama hamna nesi wala daktari kundini, mchague mmoja asome huduma ya kwanza. Dawa za kila siku ziwe mafungu mawili, moja kwenye begi la mkononi na jingine kwa mwenzako, na insulini ilale ndani ya nguo karibu na mwili isigande. Acetazolamide husaidia mwili kuzoea mwinuko, lakini uliza daktari kwanza, hasa kama mwili wako hukataa dawa za salfa.

Mazoezi si siri. Wiki kumi na mbili, kutembea mara nne kwa wiki, mara moja iwe ndefu na begi lenye kilo nane mgongoni. Mwalimu anatoka Tanga mjini hadi mapango ya Amboni na kurudi, kilomita kama 16, na wanafunzi wake wanamzomea njiani. Sisi wa Dar tunakwenda vilima vya Pugu. Wa Muscat ana vijilima vya Muttrah. Wa Toronto wakati wa baridi anapanda na kushuka ngazi za jengo analoishi, na majirani wameshaacha kumuuliza.

Hatua ya tano: vifaa

Sitakuwa na maneno mengi. Viatu ndiyo kila kitu. Vya mtumba vya Karume au Gikomba vinafaa, ila vikunje na kuvuta soli kwa nguvu kabla hujalipa: kiatu kilichokaa ghalani miaka mingi gundi yake hufa, na soli inabanduka siku ya kwanza unapokibebesha uzito. Mwenzetu wa Mombasa alimaliza Usambara na soli zimefungwa kamba ya katani. Vaa viatu vyako miezi miwili kabla. Soksi za sufu jozi tatu, tochi ya kichwani yenye betri za akiba, na betri hizo zilale nawe kwenye mfuko wa kulalia kwa kuwa baridi huzimaliza. Makoti mazito na mifuko ya kulalia kodisheni Moshi au Arusha, hakuna haja ya kununua.

Hatua ya sita: nyaraka, bima na nyumbani

Mtu mmoja abebe jukumu la nyaraka. Akague kwamba kila pasipoti ina miezi sita mbele ya siku ya kurudi. Kadi ya homa ya manjano mtu hapewi dakika za mwisho, maana chanjo inaanza kuhesabika siku kumi baada ya kuchomwa. Habari njema ni kwamba tangu 2016 ile kadi ni ya maisha, hata kama yako ya zamani imeandikwa miaka kumi.

Bima, isomeni. Nyingi za kawaida zina kikomo cha mita, na ukiumia juu ya hapo umejiumizia mwenyewe. Tafuteni iliyoandika wazi mwinuko mnaokwenda na gharama za kushushwa. Kwa wanaoota Nepal hili ni la lazima: kambi ya chini ya Everest iko mita 5,364, na kutoka Lukla, mji ambako wengi huanzia kutembea, hadi huko hakuna barabara ya gari ya kumbeba mgonjwa.

Nyumbani, wake zetu walijua tarehe mwaka mzima kabla, na matumizi ya siku zote tuliacha. Waliachiwa pia karatasi yenye namba ya mwongozaji, namba ya bima, na jina la kila mahali tutakapolala. Ukimdanganya mkeo kwamba ni safari ya kikazi, picha zitakuumbua. Nyinyi ni sita, na kuna mmoja lazima atazitupia kwenye stetasi.

Hatua ya saba: mkiwa njiani

Kila safari ina kiongozi wake, na cheo kinazunguka. Kiongozi akisema tunaondoka saa kumi na moja, tunaondoka saa kumi na moja; malalamiko yanapokelewa usiku baada ya chakula. Anayetembea polepole anatangulia mbele, na mwenye mbio anakaa mwisho. Kwa wenye mbio ni adhabu, najua, mimi ni mmoja wao. Lakini ukimweka mnyonge nyuma, kila mnapopumzika mkimsubiri, yeye anafika na nyinyi mnanyanyuka. Siku nzima hapumziki.

Hashuki mtu peke yake. Majina ya watakaomsindikiza atakayeshindwa yanatajwa usiku kabla ya kupanda, wawili, ili asijisikie amewaharibia. Pale Meru hatukuwa na sheria hii, na mimi na mwalimu tulitazamana sekunde chache gizani kabla ya mmoja wetu kusema "nashuka naye". Sekunde zile fundi aliziona.

Vyumba vigawanywe kwa mkoromo, si kwa mapenzi. Wanaosali wapewe muda wao. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kujumuisha sala, kwa hiyo hakuna wa kumcheleweshea mwenzake kwa kisingizio hicho, na Mkristo wetu mmoja ndiye huwa mlinzi wa mabegi. Bei ya teksi inapatanwa na mtu mmoja tu. Wakiwa watatu, dereva anawagonganisha.

Utani una mpaka. Upara, kitambi, timu ya mtu, kushindwa ngazi, hivyo ni halali. Kazi iliyopotea, mtoto aliyeharibikiwa, ndoa iliyovunjika, hivyo si vya utani hata kama mwenyewe ameanza. Mtu akitaka kuyasema atayasema mkiwa mnatembea, bila kutazamana. Mimi la baba yangu nililisema njiani Jebel Shams, kwa mgongo wa mtu aliyekuwa mbele yangu.

Hatua ya nane: mkirudi

Siku saba baada ya kufika, mweka hazina anatoa hesabu, risiti kwa risiti, hata ile ya maji ya chupa uwanja wa ndege. Kilichobaki hakigawanywi, kinaingia safari inayofuata. Picha zinawekwa mahali pamoja. Kama kuna aliyekwazwa, anapigiwa simu na kiongozi wa safari ile, si kujadiliwa kwenye kundi.

Na mchango hausimami hata mwezi mmoja, kwa sababu kundi likipumzika mchango litarudi kuwa la picha za theluji. Tulitua Dar kutoka Johannesburg usiku wa tarehe 4, miguu imevimba, fundi amelala juu ya begi akisubiri mzigo wake. Simu zetu zikalia pamoja. Alikuwa mweka hazina, amesimama hatua tatu kutoka tulipo, kichwa ameinamia simu yake: "Jamani kesho ni tarehe tano. Na ya kutolea."